Supu ya kabichi ni nguo ya kuazima

Jumapili moja nilitoka Thika, ninakoishi kwa ajili ya kazi, nikateremka Ruiru kumtazama mpwa wangu. Nilimchukulia mahamri na mbaazi za nazi, vitu ambavyo binti wa Mombasa akiletewa bara huvipokea kwa mikono miwili. Safari hii aliviweka kando. "Nisamehe, mjomba," akasema, "leo ni siku yangu ya nne. Leo ni ndizi na maziwa tu." Jikoni palikuwa na sufuria kubwa ya supu ya kabichi, vitunguu, nyanya na pilipili hoho, na nyumba nzima ilinuka kabichi.

Harusi yake ilikuwa imebakiza wiki tatu. Gauni limekwisha kushonwa, nalo lilimbana. Mwenzake wa kazini akampelekea maagizo kwa simu: kwa siku saba kunywa supu hiyo kadiri utakavyo, siku ya kwanza kuongeza matunda, ya pili mboga, ya tatu vyote viwili, ya nne ndizi na maziwa yasiyo mafuta, ya tano na ya sita nyama na mboga, ya saba wali wa mchele usiokobolewa. Ahadi ni kwamba mtu atapungua kilo 5 hadi 7 katika wiki moja.

Sikusema neno. Bibi harusi habishiwi. Lakini jioni ile ile dada yangu, mama yake binti, alinipigia simu kutoka Mombasa: "Nami naianza kesho, ndugu yangu. Labda na hii sukari itashuka." Hapo ndipo niliposhtuka, kwani dada yangu ana kisukari na kila siku anameza vidonge. Nilimwomba angoje mpaka aonane na daktari wake, nami nikaanza kuuliza na kusoma. Niliyoyapata nimeona si haki kuyaficha, maana najua maagizo hayo hayakuishia kwenye nyumba yetu.

Kwanza, supu hii si ngeni. Ilienea Marekani tangu miaka ya 1980, ikipitishwa kwa karatasi zilizonakiliwa na kwa mashine za faksi kabla ya simu za mkononi kuja. Ilipewa majina ya hospitali na ya taasisi za moyo ili watu waiamini, nazo taasisi hizo zikakana kuwa na mkono ndani yake. Mpaka leo hakuna daktari anayejulikana kuwa ndiye aliyeitunga.

Pili, hebu tupige hesabu. Kabichi gramu 100 hutoa kalori zipatazo 25 tu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia hutoa 120, yaani sawa na karibu nusu kilo ya kabichi. Basi ni kweli kwamba mwenye kunywa supu hii hupata chakula kidogo mno. Mwanamke wa kawaida huhitaji kalori zipatazo 2,000 kwa siku. Tuseme supu na vikorombwezo vyake vinampa 800. Amepungukiwa 1,200 kwa siku, na kwa siku saba ni 8,400. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori zipatazo 7,700. Kwa hiyo, hata asipodokoa chochote, mafuta aliyoyapoteza ni kilo moja na ushei.

Mpwa wangu alipojipima siku ya saba alikuta amepungua kilo 4. Hizo nyingine tatu zilikuwa nini? Sehemu kubwa ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na gramu kama tatu za maji. Mtu akijinyima, akiba huisha kwa siku chache na maji yake hutoka. Sehemu nyingine ni tumbo lililokuwa tupu. Na sehemu nyingine, ndiyo mbaya zaidi, ni misuli yenyewe, kwani mwili usiopata protini ya kutosha hujila. Mizani haikusema uongo. Haikuulizwa tu ni kitu gani kilichopungua.

Siku ya sita, akipanda daraja la waenda kwa miguu linalovuka barabara kuu ya Thika, macho yalimwingia kiza akakaa chini juu ya ngazi. Wapita njia wasiomjua walimnunulia soda. Wiki mbili baadaye, alipokuwa akila kama kawaida, kilo zote nne zilikuwa zimerudi. Fundi akalegeza mishono ya gauni, jambo ambalo angeweza kulifanya tangu mwanzo kwa nusu saa.

Kwa kijana mwenye afya, huenda madhara yakaishia hapo: kizunguzungu, tumbo kujaa hewa, hasira na wiki moja iliyopotea. Lakini wako ambao kwao si mchezo. Baadhi ya vidonge vya kisukari, pamoja na sindano za insulini, huendelea kushusha sukari hata kama mtu hakula. Mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, husema maneno yasiyoeleweka, kisha huzirai, na asipowahiwa aweza kufa. Mwenye shinikizo la damu naye atazame chumvi, maana wengi huitia supu hii unga wa paketi au vidonge vya mchuzi ili inyweke. Mwenye ugonjwa wa figo, mja mzito na mwenye kunyonyesha wasiisogelee. Na yeyote anayepungua kwa kasi mara kwa mara hujiweka katika hatari ya kupata mawe ya nyongo.

Dunia imewahi kupata funzo la namna hii. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Marekani, Robert Linn, alitoa kitabu cha kuwashauri watu waache chakula na kunywa protini ya maji iliyotengenezwa kwa ngozi na mabaki mengine ya wanyama. Haukupita muda mrefu vikaanza kuripotiwa vifo vya makumi ya watu waliokuwa wakitumia vinywaji vya aina hiyo. Mioyo yao ilivurugika mapigo.

Ni lazima nami niwe mwadilifu. Kuna supu iliyofanya kazi. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uingereza na Maprofesa Mike Lean na Roy Taylor, ambamo wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliishi kwa supu na vinywaji maalumu vya kalori kama 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, wagonjwa 46 katika kila 100 hawakuwa tena na kisukari, wala hawakuwa wakitumia dawa zake. Habari hii ni njema. Lakini tazameni tofauti. Supu ile ilikamilishwa kwa protini, vitamini na madini yote. Dawa za sukari zilisimamishwa siku ya kwanza kwa amri ya daktari. Na waliporudishwa kwenye chakula, walirudishwa polepole, wakiangaliwa. Tukichukua njaa yao tukaacha uangalizi wao, tumechukua nusu iliyo mbaya.

Twajiuliza basi, kwa nini watu wazima wenye akili zao wanaikimbilia? Jibu liko nje ya dirisha langu. Ruiru, iliyozungukwa na mashamba ya kahawa hata aina moja ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 ikaitwa Ruiru 11, sasa ni mji wa magorofa. Hesabu ya mwaka 2019 iliikuta ina watu 490,120, na Thika 251,407. Barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012 imewafanya wengi wao kulala huku na kufanya kazi Nairobi. Mtu hutoka alfajiri, hukaa ndani ya matatu, hukaa ofisini, hukaa tena ndani ya matatu, kisha hununua chipsi kituoni kwa sababu hana nguvu ya kuwasha jiko. Pale Thika tumezungukwa na mashamba ya mananasi, na papo hapo mna kiwanda kikubwa cha mafuta ya kupikia. Nadhani wasomaji wanajua ni kipi kati ya viwili hivyo kinachoingia zaidi katika sufuria zetu, bara na pwani. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2008-09 uliwakuta wanawake 25 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2014 uliwakuta 33. Unene huo haukuja kwa wiki moja, na kwa wiki moja hautaondoka.

Kwetu pwani zamani mwali alitiwa ndani, akasingwa, akalishwa akanawiri. Aibu ilikuwa kumtoa amekonda, watu wakasema kwao kuna njaa. Sisemi turudi huko, kwani unene nao una maradhi yake. Nasema tu kwamba jana tulimshindilia mwali ili apendeze macho ya watu, na leo twamnyima kwa sababu ile ile. Afya yake haikuulizwa jana, wala haiulizwi leo.

Wako watakaoniambia, "Mbona twafunga mwezi mzima na hatufi?" Hii si saumu. Mfungaji hula daku, hufuturu magharibi, na saumu yenyewe ambayo ni faradhi imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ikiwa faradhi imemhurumia mgonjwa, sufuria ya kabichi imepata wapi haki ya kutomhurumia?

Dada yangu alikwenda kwa daktari wake. Aliambiwa asijinyime, bali apunguze wali, aongeze mboga na samaki, aache chai ya sukari, na atembee kila jioni. Sasa huenda na majirani zake mpaka Mama Ngina, wakirudi kabla ya magharibi. Kwa miezi mitano amepungua kilo 3, nazo hazijarudi. Majuzi alinilalamikia kwamba ni kidogo mno. Nikamwambia nguo ya kuazima haisitiri maungo; hizo kilo 3 ni zake mwenyewe.