Klima ya gari Kibumba si anasa

Wengi hucheka wakisikia dereva wa Kibumba analia juu ya klima. Baridi yote hii! Lakini wanaopita barabara ya Goma-Rutshuru asubuhi ya ukungu wanajua: gari likijaa abiria, kioo cha mbele kinafunikwa na mvuke, na klima ndiyo inakausha ile hewa. Bila hiyo unaendesha na kitambaa mkononi, huku watoto wanatembea pembeni kwenda shule.

Ndugu dereva, kama ulijijazia gesi mwenyewe na klima inakataa, usiongeze chupa nyingine. Baridi yetu inadanganya. Asubuhi presha inaonekana ndogo hata gesi ikitosha. Unaongeza, kisha ukishuka Goma jua la mchana linapandisha presha na swichi inazima kompresa. Gesi hupimwa kwa gramu, na mara nyingi kiasi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kapoti. Tena, gesi ikiisha inavuja mahali: tafuta alama ya mafuta kwenye viungo vya mabomba. Ulifungua bomba? Hewa na unyevu vimeingia, vivutwe kwanza kwa pampu. Gesi ya kupikia usiweke kabisa, inawaka.

Fundi mwenye mizani na pampu anaomba pesa, kweli. Zitoke kwa mwenye gari, si kwa shofea anayeishi kwa versement ya kila siku.