Goma, Bukavu: Picha ya duka kwenye ramani ndiyo anwani, mwenye duka asiwaachie wengine kazi hiyo

Katika miji ya mashariki mwa Congo, ni wachache wanaomwelekeza mgeni kwa namba ya nyumba. Watu wanasema: fika Signers, geuka upande wa Birere, kisha uliza. Ao huko Bukavu: shukia Nyawera, utaona mlango wa bluu. Ndiyo sababu picha ya duka kwenye ramani ya Google imekuwa na uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Kwa mteja anayetafuta kwa simu, picha hiyo ndiyo anwani yenyewe.

Tatizo ni kwamba miji yetu imebadilika haraka kuliko ramani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, moto wa volkano Nyiragongo uliteremka hadi Buhene na kuteketeza nyumba na maduka. Mwezi wa kwanza 2025, M23 iliingia Goma, na mwezi uliofuata ikaingia Bukavu. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Kuna wafanyabiashara waliofunga kabisa, wengine wakahamia mtaa mwingine, wengine wakaenda Beni ao Butembo.

Ramani haikuhama pamoja nao. Duka lililofungwa bado linaonekana wazi, na picha zake za zamani zinang'aa. Mteja analipa motari, anafika, anakuta kufuli. Siku hiyo amepoteza nauli, na kesho hataamini tena ramani, hata kwa duka la jirani lililo wazi.

Nani anaweka picha hizo?

Mtu yeyote mwenye akaunti ya Google anaweza kuongeza picha ya duka lako. Kama wewe mwenyewe hujajiandikisha kama mwenye biashara, sura ya kazi yako inabaki mikononi mwa wapita njia. Mmoja alipiga picha ya sahani iliyoliwa nusu, mwingine alipiga mlango usiku.

Huduma ya kujiandikisha inaitwa Google Business Profile. Kabla ya mwisho wa 2021 iliitwa Google My Business. Ni ya bure. Zamani, uhakikisho ulifanywa mara nyingi kwa kadi iliyotumwa kwa posta, njia ambayo kwetu haikuwa na faida. Siku hizi Google mara nyingi inaomba video fupi isiyokatwa: uonyeshe barabara na kibao cha duka, kisha vifaa vya kazi, kisha jambo linalothibitisha kwamba wewe ndiye msimamizi, kwa mfano kufungua mlango kwa ufunguo wako.

Hata baada ya kuhakikishwa, huwezi kufuta picha za wateja. Unaweza tu kuripoti zile zinazovunja kanuni. Dawa iliyo mikononi mwako ni kuweka zako, nzuri na za sasa. Kama ulihama, badilisha anwani kwenye ukurasa uleule. Kama umefunga kwa muda, sema hivyo. Google imeweka nafasi ya kutangaza hilo.

Picha tano zinatosha kuanza

Ya kwanza ni sura ya mbele ya duka, ikipigwa kutoka ng'ambo ya barabara, pamoja na kitu ambacho wakaaji wote wanakijua: kanisa, kituo cha mafuta ao mti mkubwa. Hiyo ndiyo itamwongoza motari. Ya pili ni mlango na kibao kwa karibu. Ya tatu ni ndani. Ya nne ni kazi yenyewe: nguo iliyoshonwa, vipuri kwenye rafu, sahani ya sombe na samaki. Ya tano ni tangazo linaloonyesha namna ya kulipa. Tangu benki zifungwe, mteja anataka kujua kabla ya kutoka nyumbani kama unapokea Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money.

Simu ya kawaida inatosha. Futa kwanza kioo cha kamera, maana vumbi la barabara zetu linaleta ukungu. Piga asubuhi ao jioni. Saa sita mchana jua la kwetu liko utosini na linatia kivuli kizito chini ya bati. Goma kuna jambo la ziada: kuta za mawe meusi ya volkano. Simu ikiona weusi mwingi inaongeza mwanga, na maandishi ya kibao yanapotea. Gusa kioo cha simu mahali penye kibao kabla ya kupiga.

Google inapendekeza picha ya pikseli 720 kwa 720 ao zaidi, isiyozidi megabaiti 5. Kama fundi anakutumia picha kwa WhatsApp, mwambie aitume kama faili ya hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp inaibana na kupunguza ubora.

Nzuri, lakini ya kweli

Kuna kishawishi cha kuchukua picha ya hoteli ya nchi nyingine, ao kupaka rangi kwa programu mpaka chumba kisitambulike. Kanuni za Google zinakataza, lakini hasara kubwa iko kwa mteja. Anayelala katika chumba kisichofanana na picha ataandika maoni, na maoni hayo hutayafuta. Afadhali chumba kidogo kilichofagiliwa vizuri kuliko ikulu ya kuazima.

Usalama mbele ya biashara

Hapa ndipo ushauri unaoandikwa kwa Paris ao Nairobi hautoshi. Kabla ya kupiga picha ao video nje, angalia nani yuko nyuma. Askari, bariyeri, kambi ao uwanja wa ndege visionekane. Picha moja ya namna hiyo inaweza kukufikisha kizuizini. Usionyeshe sanduku la pesa wala depo ya mali, kwa sababu wezi pia wanatazama ramani.

Sura za wateja zisiwekwe bila ruhusa yao, hasa kwenye duka la dawa ao kituo cha afya. Katika mji uliogawanyika, kuonekana mahali fulani siku fulani kunaweza kumletea mtu maswali. Na kwa mshonaji ao msusi anayefanyia kazi nyumbani, Google inaruhusu kuficha anwani na kubakiza eneo la huduma tu. Picha za kazi zinatosha.

Si dawa ya kila kitu

Mama anayeuza nyanya kwenye soko la Virunga hahitaji haya. Wateja wake wanamjua kwa sauti, na mega zinagharimu. Lakini duka la dawa, hoteli, karaji, muuza vipuri na mchapishaji wanatafutwa na watu wasiowajua bado: mgonjwa usiku, msafiri, mfanyakazi wa shirika, ndugu aliye Ulaya anayetaka kulipia kitu kwa ajili ya familia.

Kwa hao, swali ni moja: je, ramani inaonyesha duka la leo ao la kabla ya vita? Hakuna mkuu wa mtaa wala kampuni ya mbali itakayolijibu. Ni mwenye duka, na simu yake.