Kombe la FA lina maana kwa nani siku hizi?

Mashabiki wa Madibira hawafichi. Yanga ikicheza ligi, banda la video linajaa hadi watu wanasimama mlangoni. Ikija raundi ya mwanzo ya Kombe la FA, mwenye banda anaweza kuweka tamthilia na hakuna atakayegombana naye. Ukiuliza sababu unajibiwa kwa kifupi tu: "Si linaenda Jangwani?"

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Yanga imelibeba kombe hili mara nne mfululizo, 2022 hadi 2025, na miaka yote hiyo minne ilikuwa pia bingwa wa ligi. Tangu mashindano yarudi msimu wa 2015/16, ni Mtibwa Sugar pekee ya 2018 iliyoweza kulichukua nje ya Simba, Yanga na Azam. Kwa hiyo swali la kwamba mashindano haya yana kazi gani si la wachokozi.

Ila hapa kwetu Nyanda za Juu swali hilo lisijibiwe haraka haraka. Mei 2019 Yanga ilikuja Samora pale Iringa kucheza nusu fainali na Lipuli, ikapigwa 2-0. Wanapaluhengo wakaenda fainali Ilulu, Lindi, wakafungwa 1-0 na Azam kwa bao la Obrey Chirwa. Dakika 90 zile zilikuwa ndiyo umbali wa Lipuli na ndege ya kwenda kucheza Afrika. Timu ya aina ile kwenye ligi haiwezi kuwapita Simba na Yanga kwa mechi 30, hata ikikesha. Kwenye kombe inahitaji siku tano au sita nzuri tu.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndipo shida ilipo. Mwaka ule Tanzania ilipata nafasi nne za kimataifa. Azam aliyetwaa kombe alikuwa pia wa tatu kwenye ligi, hivyo nafasi ya ziada ikashuka hadi kwa KMC waliomaliza wa nne. Yanga aliyechapwa Samora akaenda Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu alikuwa wa pili. Lipuli, aliyemtoa Yanga na kufika fainali, akabaki na medali. Msimu uliofuata akashuka daraja.

Linganisha na 2020. Nafasi zilikuwa mbili tu. Simba ilibeba ligi na kombe, ikiifunga Namungo 2-1 fainali ya Sumbawanga. Tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika wakapewa Namungo, waliofungwa fainali. Wauaji wa Kusini wakaitoa hadi Primeiro de Agosto ya Angola na kuingia makundi. Huko walichezea vichapo, sawa, lakini Ruangwa ilijulikana Afrika.

Miaka miwili baadaye Coastal Union ikatoka 3-3 na Yanga fainali ya Arusha, ikatolewa kwa penalti. Mechi tamu kuliko fainali zote za kombe hili, kwa maoni yangu. Nani akaenda Afrika? Geita Gold, waliomaliza wa nne. Siwalaumu Geita, walicheza kwa kanuni. Lakini kocha wa timu ya katikati ya msimamo akiona hayo, kwa nini asiwapumzishe nyota wake kwenye kombe na kupigania nafasi ya nne?

Mjadala huu haupo kwetu peke yetu. Marekani, kwenye kikapu cha vyuo, kila kanda inamaliza ligi yake kisha inacheza mashindano mafupi ya mtoano, na bingwa wake anaingia moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa. Vyuo vikubwa vinaitwa hata vikitolewa mapema. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alikuwa Connecticut mwaka 2009 walipofungwa na Syracuse 127-117 kwenye mtoano wa kanda ya Big East, mechi iliyokwenda nyongeza sita. Kupoteza kule hakukuwazuia: waliitwa mashindano ya taifa na wakafika nne bora. Lakini kwa chuo cha kanda ndogo, mtoano ule ndiyo mlango pekee. Kwa hiyo wakubwa wanaweza kuuona usumbufu, wadogo wanaufia.

Tofauti ni kwamba kule kanda ndogo zina mtoano wao zenyewe. Huku mdogo anakutana na Yanga humo humo. Ndiyo maana naona TFF ingefikiria upya: bingwa wa kombe akiwa tayari ana tiketi kupitia ligi, nafasi yake apewe aliyefungwa fainali, si wa nne. Kuna watakaosema mtu atapewa zawadi ya kufungwa. Namungo walipewa 2020 na hakuna aliyekufa.

Wapo pia wanaosema Nyanda za Juu tuna kisa cha Ihefu, kwamba ligi nayo inatosha kumpa mdogo jina. Kweli, Mbogo Maji waliifunga Yanga 2-1 pale Highland Estate Novemba 2022 na kukata mechi 49 bila kupoteza, wakarudia 2-1 Oktoba 2023. Mbarali nzima haikulala. Lakini zile zilikuwa pointi tatu tatu, na ubingwa ukaenda Yanga misimu yote miwili. Kwenye kombe walifika nusu fainali 2024, wakaizuia Yanga hadi dakika za nyongeza ndipo wakafungwa 1-0. Wakati huo timu ilikuwa imeshahamia Singida, na leo ni Singida Black Stars, waliocheza fainali ya 2025 na kufungwa 2-0.

Halafu kuna hili la viwanja. Fainali imeshapelekwa Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Tanga na Zanzibar. Hadi hiyo ya 2025, Sokoine na Samora havikuwa vimepata hata moja.