HESABU ZA BALOZI ZETU

Kila mwaka, baina ya Aprili na mwisho wa Juni, Bunge hukutana Dodoma kupitisha makadirio ya fedha za Serikali. Ikifika zamu ya afya, kila mheshimiwa hutaja zahanati ya kijiji kwa jina lake. Ikifika zamu ya ujenzi, kila mmoja ana daraja lake lililochukuliwa na maji. Lakini siku ya Wizara ya Mambo ya Nje husikika sauti nyingine kabisa. Husifiwa sera yetu, hukumbukwa ukombozi wa Kusini mwa Afrika, huombwa ubalozi mpya katika nchi fulani, kisha fungu hupita na watu wakaenda kula.

Hatusemi kwamba hakuna waulizao. Wapo, na Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama imekumbusha zaidi ya mara moja juu ya kodi ya pango tunayolipa ng'ambo ilhali tungeweza kukaa katika majengo yetu wenyewe. Tusemalo ni kwamba fedha hizi hazina jimbo. Hakuna mkulima wa Nzega wala mvuvi wa Kilwa aamkaye asubuhi akaona paa la ubalozi linavuja. Naye Mtanzania aliye ng'ambo, ambaye ndiye alionaye, hata katika uchaguzi wa 2025 hakuwekewa huko aliko sanduku la kupigia kura. Wenzetu wa Kenya walianza kuwapigisha kura baadhi ya raia wao walio nje mwaka 2013. Kwetu mtu huyo hana mbunge wa kumwandikia barua, na mbunge hana sababu ya kumwogopa.

Fedha isiyo na jimbo huhitaji macho makali kuliko nyingine, maana tangu hapo ni ngumu kuifuata. Kwanza iko mbali. Pili inabadilika ikiwa njiani. Shilingi yetu ilipozaliwa Juni 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14; katikati ya 2024 dola hiyo ilidai zaidi ya shilingi 2,600. Bunge hupitisha kwa shilingi, lakini mwenye nyumba wa Tokyo hudai yeni, na wa Roma hudai yuro. Shilingi ikiteleza kati ya Julai na Desemba, fungu lililopitishwa huwa dogo bila ya mtu yeyote kuiba hata senti. Hapo ndipo penye hatari. Pakiwa na pengo la halali ambalo kila mtu amelizoea, pengo la haramu hujilaza kando yake na halionekani.

Tatu, kuna pazia la siri. Sisi si watoto. Twajua kwamba mazungumzo ya mipaka, na barua zipitazo kati ya wakuu wa nchi, hayawezi kutandazwa hadharani. Lakini bei ya jengo si siri ya dola. Jengo hilo lina dalali, lina mwenyewe, lina majirani, na mji mzima lilimo wajua thamani yake. Wa kufichwa atakuwa nani, kama si mwenye fedha peke yake?

Na tuchukue mfano wa kwetu wenyewe, ambao umekwisha mahakamani na kwa hiyo twaweza kuuzungumza bila ya kumtia mtu matatani. Mwaka 2002 Serikali yetu ilinunua jengo la ubalozi mjini Roma. Katika ununuzi huo palikuwa na mikataba miwili: mmoja ukitaja kiasi cha yuro milioni 1, na mwingine kiasi cha yuro milioni 3. Mwaka 2004 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati ule, Ndugu Jakaya Kikwete, alilieleza Bunge juu ya ununuzi huo. Mwaka 2007 aliyekuwa balozi wetu huko, Profesa Costa Mahalu, alifikishwa mahakamani pamoja na afisa mwenzake, kwa mashtaka ya kuitia Serikali hasara ya zaidi ya yuro milioni 2. Kesi ikaenda miaka. Mei 2012 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alisimama kizimbani kumtolea balozi huyo ushahidi wa utetezi, jambo ambalo nchi yetu haikuwa imelizoea. Agosti mwaka huo Mahakama ya Kisutu ikawaachia huru wote wawili.

Hukumu ni hukumu, nasi twaiheshimu, hatufufui kesi. Twataka msomaji ahesabu miaka tu. Jengo lilinunuliwa 2002, na mahakama ikasema neno lake 2012. Katika miaka hiyo 10, mahali palipokuwa na uwezo wa kuuliza mapema kuliko pote palikuwa Bunge. Laiti mwaka ule wa 2004 kamati ingeagiza mikataba yote miwili iwekwe mezani, na kumwuliza Katibu Mkuu wa Wizara swali moja tu, kwamba kwa nini ni miwili, yamkini jibu lingepatikana kabla ya adhuhuri. Kama palikuwa na sababu njema, ingeandikwa katika kumbukumbu za Bunge na mtumishi wa umma asingekaa miaka mitano na zaidi akiitwa mshtakiwa. Kama palikuwa na wizi, mwizi angeshikwa nyayo zikiwa bado mbichi. Watu hudhani ukaguzi ni adui wa maafisa. Kwa afisa mwaminifu hakuna kinga iliyo bora. Katika mifano ya Injili yumo wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu, na wengi wetu tulifundishwa tukiwa wadogo kumwona kuwa ni mtu wa kuhurumiwa. Lakini wakili ambaye haitwi kamwe ndiye wa kuhurumiwa zaidi, maana siku ya kuitwa ataitwa na polisi.

Jirani zetu wa Kenya walipitia njia nyingine. Oktoba 2010 kamati ya Bunge lao iliyoshughulikia ulinzi na mambo ya nje ilileta taarifa juu ya ununuzi na uuzaji wa mali za balozi kadhaa, na kubwa kuliko yote ilikuwa habari ya jengo la Tokyo. Kamati ilidai kwamba katika ununuzi huo umma ulipoteza kiasi cha shilingi bilioni 1.1 za Kenya. Waziri wa Mambo ya Nje, Moses Wetang'ula, alikana kutenda kosa, lakini mwezi huo huo akakaa kando ili uchunguzi ufanyike, na Katibu Mkuu wa wizara yake naye akafanya vivyo hivyo. Mwaka uliofuata Waziri alirudi kazini. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge la Taifa, yaani leo kamati za kuuliza maswali ziko chini ya kiti chake. Wapo watakaocheka. Sisi twaona jambo la kujifunza: mtu aliulizwa kwa ukali na wabunge wenzake, akajibu, na mbingu hazikuanguka juu ya Nairobi wala juu yake.

Hata hivyo jengo ni jengo. Lingenunuliwa kwa haki hata senti ya mwisho, swali lililo kubwa zaidi lingebaki pale pale: humo ndani raia hupewa nini?

Chukua pasipoti. Tangu Januari 2018 nchi yetu hutoa pasipoti ya kielektroniki, na mtoaji ni Idara ya Uhamiaji, ambayo iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ubalozi hupokea maombi na kuyapeleka. Kitabu kikichelewa, raia humlaumu balozi aliye mbele ya macho yake. Balozi husema yeye ni tarishi tu, kazi iko Uhamiaji. Likiletwa Bungeni, swali hilo hufika kwa waziri mmoja na jibu lake liko kwa mwingine, na kila mmoja husema kweli. Kwa hiyo hakuna aliyekosa, na mtu wetu amekaa miezi katika nchi ya watu na pasipoti iliyokufa.

Hilo ni usumbufu. Liko lililo zito zaidi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50 waliokwenda huko kutafuta riziki. Habari zao zafanana: pasipoti huchukuliwa na mwajiri siku ya kwanza, kazi huanza alfajiri na kwisha usiku wa manane, mshahara hupunguzwa au hautolewi, na anayekimbia huhesabiwa kuwa mkosaji, kwa kuwa sheria ya udhamini imemfunga kwa mwajiri wake. Wengine walisimulia kupigwa na kuvunjiwa heshima. Oman si nchi ya mbali kwetu. Muscat waweza kununua samaki kwa Kiswahili. Undugu huo haukuwasaidia mabinti hawa.

Basi tufikiri. Binti ametoka usiku kwa mlango wa nyuma, hana karatasi wala nauli, na mahali pekee ajuapo ni penye bendera yake. Anahitaji pa kulala. Anahitaji hati ya safari ya dharura. Anahitaji tiketi ya kurudi Dar es Salaam au Unguja. Anahitaji afisa ajuaye sheria za nchi ile, atakayemkabili mwajiri na kudai mshahara wa miezi aliyofanya kazi. Kila kimoja kati ya hivyo kina bei, na chenye bei huandikwa katika makadirio. Mbunge akiwa na kitabu cha makadirio mkononi, na amwulize Waziri: fungu hilo liko ukurasa gani, ni kiasi gani kwa Muscat, ni kiasi gani kwa Abu Dhabi na Riyadh, na mwaka jana lilisaidia watu wangapi?

Mwaka 2021 wabunge wa Kenya waliuliza swali la namna hiyo, na jibu liliwatia huzuni. Wizara yao ya Mambo ya Nje ilikiri mbele ya kamati kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika muda wa miaka isiyofika mitatu, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, na kwamba mara nyingi sababu iliyoandikwa ilikuwa moyo kusimama. Mioyo ya vijana wazima. Hesabu hiyo haikuletwa na mkaguzi wa fedha, wala haikuwamo katika bei ya jengo lolote. Ilipatikana kwa sababu kamati iliita, na Wizara ikalazimika kuhesabu.

Twajua jibu tutakalopewa na baadhi ya ndugu zetu ndani ya Chama. Watasema: tangu uchaguzi wa 2020 karibu viti vyote vya Bunge ni vya Chama, mbunge wetu akimbana waziri wetu mbele ya watu, atakuwa amewapa wengine silaha. Hoja hii ina umri mkubwa, na historia ya Chama chenyewe yaipinga. Septemba 1965 palikuwa na chama kimoja tu, na bado wananchi walipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wakawaangusha hata mawaziri, Waziri wa Fedha akiwamo. Bunge hilo hilo ndilo alilokwenda kulihutubia Mwalimu Nyerere tarehe 14 Desemba mwaka huo, kueleza kwa nini Tanzania ilikuwa tayari kuvunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia. Mbele yetu palikuwa na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5, na hatukuupata. Bunge zima lilikuwa la chama chake, na hakuna ambaye angemkatalia. Bado alikwenda, akaeleza. Ikiwa kueleza gharama ya heshima ya taifa hakukumpunguzia Mwalimu hadhi, kueleza kodi ya nyumba ya balozi kutampunguziaje waziri?

Wala tusisahau ya 2019. Mkaguzi Mkuu wa wakati ule, Profesa Mussa Assad, alipoulizwa na Redio ya Umoja wa Mataifa kwa nini taarifa zake hazifanyiwi kazi, alisema huo ni udhaifu wa Bunge. Bunge likamwita ajieleze juu ya neno hilo, na Aprili mwaka huo likaazimia kutofanya kazi naye. Twaamini Bunge lilikosea. Bunge lisilofanya kazi na mkaguzi limejitoboa macho yake lenyewe, na jibu jema kwa mtu asemaye taarifa zake hazisomwi lilikuwa kuzisoma.

Tunayoyaomba si makubwa. Mkataba wa kununua, kujenga au kuuza jengo la ubalozi na upelekwe katika kamati kabla ya fedha kutoka, hata kama kikao kitakuwa cha faragha. Siku ya pasipoti, na waitwe pamoja Waziri wa Mambo ya Nje na wa Mambo ya Ndani, wakae meza moja, pasiwe na mlango wa swali kupotelea. Kila ubalozi na utoe kwa mwaka karatasi moja yenye hesabu ya watu: waliokuja, waliosaidiwa, waliozuiwa gerezani, waliokufa, na nani aliyelipa kuwaleta nyumbani, kwa maana maiti nyingi hurudishwa kwa mchango wa Watanzania wenzao, shilingi kwa shilingi.

Na waheshimiwa wanaosafiri kwenda kukagua balozi, ambao aghalabu hupokewa uwanja wa ndege na kukaribishwa chakula cha jioni nyumbani kwa balozi, siku ya pili waende asubuhi bila taarifa, wakae saa mbili katika chumba cha kungojea pamoja na watu waliotoka kazini kwa ruhusa ya nusu siku. Waliyoyaona huko wayaandike katika taarifa ya kamati, na posho ya safari hiyo wakaiandike chini yake.