Bibi Waliyemsahau Kumhesabu

Na Rehema Mbelwa

Katika hadithi fupi ya Agatha Christie iliyotoka Desemba 1927, wageni wamekaa sebuleni kijijini St Mary Mead, wanataka kuanzisha chama cha kusimuliana mikasa ambayo msimulizi anaujua ukweli wake. Yumo mkuu mstaafu wa Scotland Yard, mwanasheria, kasisi, mchoraji na mwandishi. Wakajihesabu: watano. Mwenye nyumba, bibi aliyekuwa akifuma, ikabidi awakumbushe kuwa naye yumo. Na ndiye aliyelifumbua fumbo la jioni ile.

Hivyo ndivyo wasomaji walivyomjua Miss Marple, na kusahauliwa huko ndiko kunakompa nguvu. Mwovu hujichunga mbele ya askari, ila mbele ya bibi mwenye sindano za kufumia na kikombe cha chai huropoka. Halafu kuna kumbukumbu yake. Akisikia tajiri kauawa, humkumbuka mtumishi wa kijijini aliyekuwa mdokozi, au mume aliyegeuka mpole ghafla. Hapimi alama za vidole, anapima tabia. Amezeeka akitazama ndoa, madeni, mirathi na wivu wa majirani, na hiyo ni elimu ambayo hakuna chuo cha polisi kinachoitoa. Christie alimwandikia riwaya 12.

Waliokuwa hawamtaki mwanamke wa aina hiyo walikuwepo. Katika riwaya ya Christie ya 1926, The Murder of Roger Ackroyd, yumo Caroline Sheppard, dada wa daktari, mtu mzima asiyepitwa na habari yoyote ya kijiji. Kitabu kilipopelekwa jukwaani 1928, Caroline aliondolewa, akawekwa msichana. Christie alichukia. Muda umempa haki: tangu 2020 Richard Osman ameuza mamilioni ya nakala za riwaya zake kuhusu wastaafu wanne wanaopeleleza mauaji.

Na sisi? Tunaye Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla na kiko chake, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960. Tunaye Willy Gamba wa Elvis Musiba na bastola yake. Nawapenda wote wawili. Bibi mpelelezi sijamkuta, na linaniuma, kwa kuwa kwetu bibi ndiye hushukiwa. Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka nenda rudi. Kifo kikitokea, kidole huelekezwa kwake. Hakuna anayemuuliza anajua nini, wakati huenda anajua kuliko kijiji kizima.

Waandishi wetu vijana, nawaomba mpeni kesi. Awe na macho hayo hayo mekundu. Awe mkunga aliyewazalisha nusu ya wanakijiji, anayejua nani aligombana na marehemu kuhusu mpaka wa shamba na nani alikopa fedha akakana. Ofisa wa upelelezi aje na gari, aondoke mikono mitupu, kisha arudi kumwamkia na kukaa chini kumsikiliza. Na ukweli ukidhihirika, muuaji awe yule yule aliyetangulia kumwita mchawi.