Daftari la mahudhurio na ruzuku ya kaya maskini

Kuita majina darasani ni kazi ya kila siku kwa mwalimu. Kwa mtoto anayetoka katika kaya iliyomo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaotekelezwa na Serikali kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), alama inayowekwa daftarini ina uzito wa fedha.

Mpango huo ulianza mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Sehemu ya ruzuku yake huambatana na masharti ya elimu na afya. Kwa upande wa elimu, mtoto hutakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo kwa mwezi. Mwezi ukiwa na siku 20 za masomo, hizo ni siku 16. Akihudhuria siku 15, sharti halijatimia, na ruzuku ya kaya inaweza kupunguzwa.

Shule haigawi fedha hizo. Wajibu wake ni kutoa taarifa sahihi za mahudhurio, ambazo hufikishwa halmashauri kabla ya malipo kuandaliwa. Ruzuku hulipwa mwakilishi wa kaya, ambaye mara nyingi ni mwanamke.

Ni vema kutochanganya ruzuku hiyo na ile ya uendeshaji inayotolewa chini ya utaratibu wa elimu bila ada, iliyowekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Hiyo ni kwa matumizi ya shule. Ruzuku ya kaya ni mali ya kaya; si mahali pa kukatia michango ya madawati wala ya chakula.

Hata hivyo, daftari huonesha kwamba mtoto hakuwepo, lakini halielezi sababu. Masika mto ukifurika, mtoto hukosa masomo bila uzembe wa mzazi. Mwanafunzi aliyehama anaweza kuonekana mtoro, na jina lililoandikwa tofauti shuleni na katika orodha ya walengwa likamkosesha mtoto mahudhurio aliyoyatimiza. Makosa ya namna hiyo huziumiza kaya ambazo Mpango ulikusudia kuzinusuru.

Kinga iko karibu. Mwalimu akimjulisha mzazi mapema kwamba mtoto anakaribia kushuka chini ya kiwango, upo muda wa kumrejesha darasani. Mzazi naye atoe taarifa ya ugonjwa au uhamisho bila kuchelewa, na ahakiki majina ya watoto wake. Ruzuku ikipungua bila maelezo, aanzie kwa kamati ya jamii au mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha kwa mratibu wa TASAF katika halmashauri, akiwa na kumbukumbu za mahudhurio kutoka shuleni.