Manati Yanaua Msitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu upandaji miti huku kwetu Usambara Mashariki.

Kila masika tunaletewa miche, wanafunzi wanaipanda, picha zinapigwa, basi. Shuleni kwetu mwaka juzi tuliipanda katika uwanja mtupu. Nyasi zikaimeza, na jua la Januari likamaliza iliyobaki. Kosa lilikuwa letu walimu: hatukuipalilia wala kuitafutia kivuli.

Lakini msitu hauoti kwa jembe peke yake. Miti yetu mingi hutegemea ndege wale matunda na kudondosha mbegu mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu mti wa Leptonychia usambarensis ulionyesha kwamba katika vipande vya msitu vilivyobaki katikati ya mashamba, ndege wanaoeneza mbegu zake ni wachache, mbegu nyingi huishia chini ya mti uleule, na miche inayoota ni michache kuliko katika msitu mkubwa. Nasi tunawaachia watoto wetu manati!

Tena hondohondo hachagui. Akikuta matunda ya musizi, mti ulioletwa milimani hapa kutoka nje, hueneza musizi, na umekwisha kuenea sana mahali palipokatwa magogo.

Kwa hiyo naziomba serikali za vijiji zipige marufuku manati, na ndugu zetu wa misitu watuletee miche ya asili kama msambu na mtambara. Kupalilia tutapalilia wenyewe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Tarafa ya Amani, Muheza.